Antonio Maceo na Sulhu Aliyoikataa

Miongoni mwa majemadari waliopigania uhuru wa kisiwa cha Kuba katika karne ya kumi na tisa, Antonio Maceo alilazimika kupigana vita viwili kwa wakati mmoja. Vya kwanza vilikuwa mbele yake, dhidi ya majeshi ya Hispania, navyo vilipiganwa kwa panga na bunduki. Vya pili vilikuwa nyuma yake, miongoni mwa wenzi wake wa silaha, navyo vilipiganwa kwa minong'ono. Adui alimwogopa kwa ushujaa wake. Baadhi ya wenzi wake walimwogopa kwa rangi yake. Asiyeijua hofu hii ya pili hawezi kuelewa kwa nini mtu huyu, siku moja ya mwezi wa Machi, 1878, aliikataa amani ambayo wakuu wengi wa vita walikuwa wamekwisha kuipokea.

Alizaliwa tarehe 14 Juni, 1845, upande wa mashariki wa kisiwa, katika jimbo la Santiago de Cuba. Baba yake, Marcos Maceo, na mama yake, Mariana Grajales, walikuwa watu huru wenye asili ya Afrika, nao walikuwa na shamba lao huko Majaguabo. Kijana Antonio alikuwa akipakia mazao juu ya nyumbu na kuyapeleka sokoni. Nyumba yao haikuwa ya kimaskini. Lakini uhuru wa mtu mweusi katika koloni lile ulikuwa kama nguo ya kuazima, kwani mwenyewe aweza kuidai wakati wowote. Upande wa magharibi, katika nchi za Havana na Matanzas, vinu vikubwa vya sukari vilisagwa kwa jasho la watumwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1860 watumwa wa Kuba walikuwa zaidi ya 360,000.

Utajiri huu ulizaa hofu. Wenye mashamba hawakusahau yaliyotokea katika kisiwa jirani, ambako watumwa wa koloni la Ufaransa walisimama mwaka 1791, wakashinda, wakaunda dola ya Haiti mwaka 1804. Tangu hapo kila kusanyiko la watu weusi nchini Kuba lilionekana kuwa njama. Mwaka 1812 José Antonio Aponte, fundi wa Havana, mtu mweusi huru, alinyongwa kwa kushtakiwa kuwa kiongozi wa maasi. Mwaka 1844, mwaka mmoja kabla ya Maceo kuzaliwa, serikali iliwakamata watumwa na watu huru wa rangi kwa maelfu. Wengi walifungwa juu ya ngazi wakachapwa mpaka wakiri, na kwa hiyo mambo yale hata leo huitwa Njama ya Ngazi. Mshairi Plácido alipigwa risasi pamoja na wengine. Serikali ya Hispania ilijifunza jambo lenye faida kubwa: kwamba Mkuba mweupe aliyechoshwa na utawala wa kigeni angeweza kutulizwa kwa neno moja tu, Haiti.

Tarehe 10 Oktoba, 1868, Carlos Manuel de Céspedes, mwanasheria mwenye shamba la miwa huko La Demajagua, aliwaacha huru watumwa wake na kutangaza vita. Siku chache hazikupita ila Antonio na ndugu zake walikuwa wamejiunga. Baba yao aliuawa vitani mwaka 1869. Mama yao aliingia msituni pamoja na María Cabrales, mke wa Antonio, wakiuguza majeruhi. Na katika wana wengi aliowatoa, wachache sana walionusurika vita hivyo na vile vilivyofuata.

Lakini yafaa kutazama kwa makini uhuru uliotangazwa na wakuu wa maasi, kwa maana ulikuja kwa kusitasita. Amri ya Desemba 1868 iliwataka wenye watumwa wakubali kwanza, ili matajiri wa magharibi wasitishike. Katiba ya Guáimaro, ya Aprili 1869, ilisema kwamba wakaaji wote wa Jamhuri ni watu huru. Miezi mitatu baadaye ikatoka kanuni iliyowalazimisha walioachwa huru kufanya kazi chini ya mabwana, na kanuni hiyo haikufutwa mpaka mwisho wa 1870. Wakuu hao walitaka kumtoa Mhispania bila ya kuugusa mkono uliokata miwa. Maceo hakuwa na shaka hiyo. Alipoingia Guantánamo mwaka 1871, chini ya amri ya Máximo Gómez, jemadari aliyezaliwa Santo Domingo, walipita katika mashamba ya kahawa, mengi yake yakiwa yamepandwa na Wafaransa waliokimbia Haiti, wakayachoma na kuwachukua watumwa wake. Aliyekuwa mtumwa asubuhi, jioni alikuwa askari.

Cheo chake kilipanda kwa jinsi majeraha yake yalivyozidi, na minong'ono nayo ikapanda. Ilisemwa kwamba anawapendelea maofisa weusi kuliko weupe, na kwamba nia yake ni kuigeuza Kuba kuwa Haiti nyingine. Palipokuwa na mashauri ya kumpa uongozi upande wa magharibi ya mashariki yake aliyoyazoea, katika nchi ya Las Villas, upinzani ulitoka kwa maofisa wa upande wake mwenyewe. Tarehe 16 Mei, 1876, alimwandikia barua Rais wa Jamhuri ya wapiganaji, Tomás Estrada Palma. Ni barua ya kuheshimika. Hakukana rangi yake wala hakuiombea radhi. Alisema kwamba yeye ni wa tabaka la watu wa rangi, na kwamba hajioni kuwa na thamani pungufu ya watu wengine kwa sababu hiyo. Kisha akadai wenye kueneza maneno hayo wahukumiwe kwa sheria, kwa kuwa wanaigawa Jamhuri iliyojengwa juu ya usawa. Alijua kwamba shtaka lile lilikuwa silaha ya Hispania, na alishangaa kuiona mikononi mwa Wakuba.

Ndipo vita vikaanza kulegea. Jemadari mpya wa Hispania, Arsenio Martínez Campos, alikuwa na askari wengi, na zaidi ya hayo alikuwa na busara: aliwasamehe waliojitoa, akawalisha wenye njaa. Tarehe 10 Februari, 1878, wajumbe wa wapiganaji walitia sahihi mkataba wa Zanjón. Mkataba huo haukutaja uhuru wa nchi. Kuhusu watumwa ulikuwa na sharti la ajabu: watumwa na vibarua wa Kichina waliokuwa katika safu za waasi wangeachwa huru, lakini mamia ya maelfu waliobaki mashambani wakitii mabwana zao wangebaki kama walivyo. Ni nadra kuona serikali ikitia sahihi karatasi inayomtuza mwasi na kumwadhibu mtiifu. Watumwa wa mashariki walilielewa fumbo hilo upesi kuliko waliolitunga.

Katika siku zile zile za Februari Maceo alikuwa akishinda. Huko San Ulpiano alikipiga kikosi cha San Quintín na kukirudisha nyuma kwa hasara kubwa. Habari za mkataba alizipata kutoka kwa Gómez, aliyekuja kumwaga kabla ya kuondoka kisiwani. Hakusema mengi. Aliomba kuonana na Martínez Campos, na siku ikawekwa, tarehe 15 Machi, mahali paitwapo Mangos de Baraguá, chini ya miembe. Kabla ya siku hiyo baadhi ya wapiganaji walifikiri kumvizia jemadari wa Hispania na kumteka. Maceo alipopata habari aliwakemea kwa barua, akieleza kwamba hautaki uhuru utakaoambatana na aibu.

Martínez Campos alikuja na maofisa wachache, akasifu ujana wa Maceo, akaanza kueleza heri ya amani. Alipotaka kusoma masharti alizuiwa, kwa kuwa masharti ya Zanjón yalikwisha kujulikana na hayakutakiwa. Aliulizwa juu ya mambo mawili: uhuru wa Kuba na kukomeshwa kwa utumwa. Alijibu kwamba hayo hayamo katika uwezo wake. Basi hapakuwa na la kuzungumza. Zilitolewa siku nane tu, na tarehe 23 Machi mapigano yakaanza tena.

Wako wanaosema kwamba tendo la Baraguá lilikuwa la bure, kwa sababu baada ya wiki chache tu risasi na watu vilipungua, na mwezi wa Mei Maceo alipanda meli kwenda Jamaica. Kwa hesabu ya vita wasema kweli. Lakini pale chini ya miembe mambo mawili ambayo wakuu wa 1868 waliyatenga kwa woga yalitajwa kwa pumzi moja mbele ya Hispania, na hayakuweza kutengwa tena. Hata serikali yenyewe ilianza kusalimu amri: mwaka 1880 ilitoa sheria ya kubadili utumwa kuwa utumishi wa muda, na tarehe 7 Oktoba, 1886, ikaufuta kabisa.

Uhamishoni minong'ono ilimfuata. Vita vidogo vilipozuka mwaka 1879, Calixto García hakumpa amri aliyoistahili, akiogopa kwamba jina la Maceo lingeipa Hispania nafasi ya kupiga kelele za vita vya rangi. Hispania ilipiga kelele hizo hata hivyo. Ndugu zake José na Rafael waliopigana walihamishwa kwa nguvu mpaka visiwa vya Chafarinas, karibu na pwani ya Moroko. Rafael akafia huko, karibu na bara ambalo mababu zake walitolewa kwa minyororo. Antonio mwenyewe alitumikia jeshi la Honduras, akafanya kilimo Costa Rica pamoja na Wakuba wenziwe, akanusurika kuuawa mjini San José mwaka 1894. Alipopata ruhusa ya kuzuru nyumbani mwaka 1890, kijana mmoja alisema mbele yake karamuni kwamba Kuba itakuwa nyota moja zaidi katika bendera ya Marekani. Maceo alijibu kwamba hilo labda ndilo jambo pekee litakalomfanya asimame upande wa Wahispania.

Vita vya mwisho vilianza tarehe 24 Februari, 1895, kwa juhudi ya José Martí, ambaye alifahamu kuliko wengi kwamba hofu ya rangi ndiyo ngome kubwa ya Hispania. Maceo alitua karibu na Baracoa tarehe 1 Aprili. Martí aliuawa tarehe 19 Mei. Tarehe 22 Oktoba jeshi la Maceo liliondoka Baraguá, mahali pale pale, na tarehe 22 Januari, 1896, likaingia Mantua, mwisho wa magharibi. Zaidi ya kilomita 1,600 zilikuwa nyuma yao, pamoja na ngome, reli, mito na majeshi mara nyingi kuwaliko, na mashamba ya miwa yakiungua njiani. Vilivyokwama vita vya kwanza ni kwa sababu havikufika magharibi kwenye sukari. Safari hii vilifika, vikiongozwa na yule aliyeogopwa. Hispania ilimleta Valeriano Weyler, naye akawakusanya watu wa mashamba katika miji yenye kuzungukwa na askari, wakafa kwa njaa na maradhi kwa wingi wa kutisha.

Tarehe 7 Desemba, 1896, Maceo alipigwa risasi huko San Pedro, karibu na Punta Brava. Francisco Gómez Toro, mwana wa Máximo Gómez, naye aliuawa alipokuwa kando ya maiti yake. Wapiganaji waliziokoa maiti hizo, na familia moja ya wakulima ikazizika usiku huko Cacahual, ikaificha siri mpaka vita vilipokwisha.

Mwaka 1899, Wahispania wakiwa wamekwisha kuondoka na jeshi la Marekani likiitawala nchi, kaburi lilifunuliwa. Wataalamu watatu wa elimu ya binadamu wa Havana walilichukua fuvu la Maceo, wakalipima urefu, upana na ujazo, na mwaka 1900 wakachapisha kitabu. Walisema kwamba kwa mifupa ya mwili Maceo ni mtu mweusi, lakini fuvu lake lakaribia la watu weupe, na kwamba alikuwa mtu bora kweli. Walikusudia kumsifu. Katika barua ya 1876 alikuwa amesema kwamba rangi yake haimpunguzii thamani. Wasomi wa taifa lake jipya wakamtafutia thamani hiyo kwa kipimo, katika sehemu ya mifupa yake waliyoweza kuiita nyeupe. Mwaka 1912, maveterani weusi wa vita hivyo na wafuasi wao walipodai kwa silaha haki ya kuwa na chama chao, jeshi la Jamhuri liliwaua watu weusi kwa maelfu huko mashariki, na magazeti ya Havana yakaandika tena juu ya Haiti.

Mifupa yenyewe ilirudishwa Cacahual. Imelala huko hata leo, katika kaburi moja na ya kijana Gómez Toro.