Darajani: Kumbukumbu Nayo Ina Kipimo Chake



Mtu wa mjini Unguja akikwambia anakwenda sokoni, aghlabu hana haja ya kutaja jina. Ni Darajani. Jengo lile lilijengwa mwaka 1904, zama za Sayyid Ali bin Hamud, likaitwa Soko la Estella. Jina la Darajani limetokana na daraja lililovuka hori la bahari baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Hori limekwisha kufukiwa, daraja halipo, jina limebaki.

Watu wa rika langu hulikumbuka soko hilo kwa harufu ya papa mkavu na mdalasini, na kwa kelele za mnada wa samaki. Mimi nalikumbuka kwa fungu la muhogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele na unga vilikuwa kwa mgao, na mama akinituma Darajani kutafuta muhogo au shelisheli. Siku moja nilimkuta mzee wa shamba amepanga mafungu madogo kuliko ya jana yake. Kabla sijatoa pesa akaniambia: "Mwanangu, mwambie mama yako fungu la leo limepungua vipande viwili. Nimepunguza ili na wa nyuma wapate, na bei nimeishusha." Nilipomfikishia mama maneno yale, alisema: "Huyo amepima kwa haki."

Lakini ukitoka sokoni ukaingia Mkunazini, mwendo mfupi tu, utafika palipokuwa na soko jingine. Hapo waliuzwa watu, wengi wao wakitoka pande za Ziwa Nyasa, mpaka Sayyid Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza mwezi wa Juni 1873, soko likafungwa. Mwaka huo huo lilianza kujengwa hapo kanisa lililopo hadi leo. Na tuseme kweli: katika wauzaji na wanunuzi walikuwamo wenzetu wenye kusali. Yamkini mtu alipima pishi ya mchele ikajaa asubuhi, na alasiri akamfunua kinywa mtoto wa mwenziwe amtazame meno, apate kujua bei yake.

Suratul Mutaffifin imewaonya wale ambao wakipokea hutaka kipimo kijae, na wakiwapimia wengine hupunja. Onyo hilo tumezoea kumsomea mwenye duka. Sisi tunaosimulia habari za wazee wetu nasi tuna mizani mikononi. Sifa zao tunazitoa pishi nzima. Makosa yao hatutoi hata nusu kibaba.

Leo kando ya soko hilo kongwe yamesimama maduka mapya, na wajukuu zetu huyapenda. Tuwachukue, tuwaoneshe na soko la zamani, tuwahadithie mazuri yake. Kisha tuwashike mkono tuwafikishe Mkunazini, tuwaambie na hayo. Yule mzee wa muhogo hakuona haya kusema kuwa fungu lake limepungua.

Wabillahi tawfiq.