Precipice Walk: njia ya hisani kwenye ardhi yenye kisa cha damu

Machi 31, 2025, Mamlaka ya Maliasili ya Wales ilifunga mgahawa na duka la kituo cha wageni cha Coed y Brenin, msitu mkubwa ulio kaskazini mwa mji mdogo wa Dolgellau. Sababu iliyotolewa ilikuwa fedha. Wenyeji walipinga, wakaandika, wakapaza sauti, na milango ikafungwa vilevile. Njia za baiskeli na za miguu zilibaki wazi, lakini wote wanajua kwamba msitu usio na mahali pa kupata kikombe cha chai kwenye mvua ya Wales si msitu uleule.

Jirani na msitu huo ipo njia nyingine, ambayo watu wamekuwa wakiizunguka tangu 1890. Inaitwa Precipice Walk, au Llwybr Cynwch kwa Kiwelshi. Ni mzunguko wa takriban kilomita 5, unaoanzia kwenye maegesho ya Saith Groesffordd, ukapita kwenye miti, ukatokea kwenye malisho ya kondoo na kulizunguka jabali la Foel Cynwch. Upande wa magharibi kijia kinabana. Bega la kushoto linagusana na mlima na la kulia halina kitu, maana ardhi inateremka ghafla hadi bonde la mto Mawddach. Mbele unauona mto ukipanuka kuelekea baharini, na ng'ambo yake mlima Cader Idris, wenye urefu wa mita 893. Kisha njia inapinda na kukurudisha kwa utulivu kando ya ziwa dogo la Llyn Cynwch.

Msitu ule na njia hii vilikuwa mali ya watu walewale, ukoo wa Nannau, ambao baadaye walijulikana kwa jina la Vaughan. Walijitaja kuwa uzao wa Cadwgan ap Bleddyn, mtawala wa Powys wa zama za mwaka 1100. Katika miaka ya 1920 serikali ilinunua sehemu ya ardhi yao, ikapanda misonobari, na msitu ukaitwa kwa jina la Vaughan hadi 1935, ulipobadilishwa na kuwa Msitu wa Mfalme, yaani Coed y Brenin, kuadhimisha miaka 25 ya George V kwenye kiti cha enzi. Jina la ukoo likafutwa kwa heshima ya mfalme wa London.

Lakini hata asiyejua chochote kingine kuhusu ukoo huu anajua habari ya Hywel Sele. Aliyeieneza kuliko wote ni Thomas Pennant, msafiri na mtaalamu wa viumbe kutoka Flintshire, aliyeizunguka Wales katika miaka ya 1770 akiandika kila alichosimuliwa.

Simulizi lake ni hili. Septemba 1400 Owain Glyndŵr, bwana wa Kiwelshi, aliasi dhidi ya Henry IV, mfalme wa Uingereza, na Wales ikagawanyika. Hywel Sele, bwana wa Nannau na binamu yake Owain, alisimama upande wa mfalme. Abati wa Cymer, monasteri ya Wasistersiani iliyoanzishwa 1198 chini kabisa ya vilima hivi, akaona aibu ndugu kuwindana, akawakutanisha ili wapatane. Wakapatana, au walionekana kupatana. Wakatoka wawili kutembea katika mbuga ya Nannau. Owain akamwona kulungu jike akila majani, akamwambia binamu yake, ambaye alisifika kuwa mpiga upinde hodari kuliko wote wa wakati ule, kwamba shabaha ndiyo ile. Hywel akaukunja upinde, akamlenga kulungu, kisha akageuka ghafla na kuuachia mshale kifuani mwa Owain.

Mshale haukuingia. Chini ya nguo zake Owain alikuwa amevaa deraya. Mtu anayekwenda kwenye mapatano akiwa na chuma kifuani hakuwa na imani kubwa na ndugu yake, na siku hiyo kutoamini kulimwokoa. Alimkamata Hywel, akaichoma nyumba yake, akaondoka naye. Hakuna aliyemwona tena. Pennant anasema ilipita miaka 40 ndipo mifupa ya mtu wa kimo kikubwa, kama alivyokuwa Hywel, ikaonekana ndani ya mwaloni mkuukuu uliokuwa wazi katikati.

Mti ule ukapewa jina la Ceubren yr Ellyll, mti mtupu wa pepo. Aliyelelewa karibu na mbuyu unaosemekana kuwa na mizimu hahitaji kuelezwa jinsi watu walivyoupita usiku. Mwaka 1808 Walter Scott aliutaja katika utenzi wake *Marmion*, na wageni wakazidi kuja kuutazama. Julai 1813 mgeni wa Nannau, Sir Richard Colt Hoare, aliuchora mchana. Usiku ule ule ukaanguka.

Sir Robert Williames Vaughan, mbunge na mwenye nyumba, hakuuacha uoze. Mbao zake zilichongwa vikombe na fremu za picha, na mwanawe alipofikisha miaka 21, mwaka 1824, wageni walitakiana heri kwa vikombe vya umbo la tunda la mwaloni vilivyotokana na mti uliosemwa kuwa kaburi la babu mmoja wa pale. Ujasiri wa aina hiyo ni wa matajiri.

Mimi nalichukulia simulizi hili kwa tahadhari. Pennant aliandika zaidi ya miaka 350 baada ya tukio, na kila familia kubwa hupenda kuwa na mzimu wake. Ila uasi wenyewe ulikuwa wa kweli, na ulipita hapa hapa: Mei 10, 1404, Owain alikuwa Dolgellau akitia saini barua ya kuwatuma wajumbe wake kwa mfalme wa Ufaransa. Kinachoniuma ni kwamba damu imemeza mengine yote. Robert Vaughan wa Hengwrt, aliyekuwa na uhusiano na ukoo huuhuu na kufa 1667, alikusanya miswada ya Kiwelshi ambayo leo ni hazina ya Maktaba ya Taifa huko Aberystwyth. Nyumba yake ilikuwa bondeni, si mbali na njia. Watembeaji wangapi wameambiwa jina lake?

Njia yenyewe haina kisa kirefu. Reli ilifika Dolgellau miaka ya 1860, watalii wakafuata, na 1890 wenye Nannau wakawafungulia umma kijia cha gengeni. Hifadhi ya Taifa ya Snowdonia, ambamo njia hii imo, ilitangazwa 1951. Reli ikafa 1965. Novemba 2022 mamlaka ya hifadhi iliamua kutumia jina la Kiwelshi, Eryri, badala ya Snowdonia, na mabishano ya siku chache yakapoa.

Jumba la Nannau, lililojengwa miaka ya 1790, liliondoka mikononi mwa ukoo katika karne ya 20 na limechakaa vibaya. Liko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, lakini orodha haizuii mvua kuingia darini.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba njia hii inapita kwenye ardhi binafsi kwa ridhaa ya mwenye ardhi. Si haki ya kupita kama zilivyo njia nyingi za Wales. Kwa miaka zaidi ya 130 hisani hiyo haikutetereka, na wenye ardhi wanastahili shukrani. Lakini hata mgahawa na duka la kituo cha Coed y Brenin, kilicho mali ya umma, vilifungwa kwa uamuzi wa kikao. Wanaohusika na njia za kaunti hii ya Gwynedd wasingoje mgogoro: wakae na mwenye ardhi sasa, wakati maelewano yapo, waiandike Precipice Walk kwenye ramani ya haki za umma. Na wewe utakayekwenda, mfunge mbwa wako kamba. Kondoo wa pale wana mwenyewe.