Cynthia Enloe: Msomi aliyeuliza wanawake wako wapi vitani

KATIKA miaka ya 1970, mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Clark, mjini Worcester katika jimbo la Massachusetts, Marekani, alimsikiliza mwenzake akisimulia aliyoyaona Vietnam. Mwenzake huyo ndiye mwalimu wa pekee chuoni humo wakati huo aliyewahi kupigana vita hivyo. Katika masimulizi yake aliwataja, tena kwa kupitia tu, wanawake wa Kivietnam waliolipwa kuwafulia nguo askari wa Marekani. Mhadhiri yule, Cynthia Enloe, hakuweza kulisahau jambo hilo. Akaanza kujiuliza historia ya vita vya Vietnam ingekuwaje laiti ingesimuliwa na madobi wale.

Swali hilo ndilo lililougeuza mkondo wa maisha yake ya usomi, na baadaye likachangia kuigeuza taaluma nzima ya uhusiano wa kimataifa.

Enloe alizaliwa New York mwaka 1938. Alihitimu shahada ya kwanza katika Connecticut College mwaka 1960, kisha akaenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikopata uzamili mwaka 1963 na uzamifu wa sayansi ya siasa mwaka 1967. Utafiti wake wa uzamifu ulihusu Malaysia, na aliyoyachunguza huko ni siasa za jamii mbalimbali zinazoishi chini ya bendera moja: Wamalei, Wachina na Wahindi. Somo hilo si geni kwa Mkenya. Mwaka 1980 alichapisha Ethnic Soldiers, kitabu kinachoeleza jinsi serikali zinavyochagua ni kabila gani la kuaminiwa bunduki. Wagurkha wa Nepal, waliosifiwa na Waingereza kuwa wamezaliwa mashujaa, ni miongoni mwa mifano yake.

Kufikia hapo alikuwa na vitabu kadhaa na jina si haba. Hata hivyo, Enloe mwenyewe amekiri mara nyingi kwamba katika kazi zake hizo za awali hakuuliza lolote kuhusu wanawake. Aliishi Malaysia, akahoji watu, akaandika, na nusu ya watu wa nchi ile wakampita machoni. Ungamo la aina hiyo ni adimu vyuoni, ambako wasomi huzoea kuzitetea kazi zao za ujanani hadi kaburini.

Mwaka 1983 alitoa Does Khaki Become You? Humo alionyesha kwamba jeshi, licha ya kujinadi kuwa ulingo wa wanaume, haliwezi kusimama siku moja bila wanawake: wake wa askari wanaotakiwa kuvumilia kimya, wauguzi, wafanyakazi wa viwanda vya silaha, na makahaba wanaozunguka kambi. Makamanda wanalijua hilo vyema. Ndiyo maana hutumia muda mwingi kuwadhibiti wanawake hao huku wakidai hawana umuhimu wowote.

Kitabu kilichompa umaarufu mkubwa zaidi, Bananas, Beaches and Bases, kilitokea London mwaka 1989 na Marekani mwaka uliofuata. Toleo lililofanyiwa marekebisho makubwa likatoka mwaka 2014. Anaanza na vitu vidogo. Mathalani, anachukua ndizi. Anamtazama Carmen Miranda, mwimbaji wa Brazil aliyevuma Hollywood akiwa amevalia kilemba cha matunda, kisha anaifuata kampuni ya United Fruit iliyobuni kibonzo cha Chiquita mwaka 1944 ili kuwavuta akina mama wa Marekani sokoni. Kutoka hapo anarudi nyuma hadi mashambani Amerika ya Kati. Picha iliyozoeleka ya shamba la ndizi ni ya mwanamume mwenye panga. Lakini nani huziosha ndizi, huzipima na kuzipakia? Nani hulima kishamba cha chakula ili mume aweze kuishi kwa ujira mdogo? Msomaji aliyewahi kuona mabanda ya maua kule Naivasha hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Sura inayohusu watumishi wa nyumbani nayo inatugusa moja kwa moja. Enloe aliwaangalia wanawake wa Ufilipino na Sri Lanka waliokwenda kufanya kazi majumbani mwa watu ng'ambo, akasema kwamba fedha wanazotuma nyumbani huzisaidia serikali zao kukabiliana na madeni ya kigeni. Kwa hivyo, waziri anapoketi na mabenki ya kimataifa, yaya anayefagia sebule ya mtu ugenini naye yumo katika mazungumzo hayo, ijapokuwa hakualikwa. Tangu hapo maelfu ya Wakenya wamefuata njia hiyo hiyo kwenda Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba.

Kuhusu kambi za kijeshi, alizungumzia Subic Bay nchini Ufilipino, ambako Wamarekani waliondoka mwaka 1992, na Greenham Common nchini Uingereza, ambako wanawake walipiga kambi kuanzia mwaka 1981 kupinga makombora ya nyuklia. Hoja yake ni kwamba kambi ya kigeni hudumu pale tu uhusiano kati ya askari na wanawake wa mji ule unapoonekana kuwa jambo la kawaida. Mwaka 2012 mwanamke Mkenya aliuawa Nanyuki, mji wenye kambi ya mazoezi ya jeshi la Uingereza. Uchunguzi wa mahakama uliokamilika mwaka 2019 ulihitimisha kuwa waliohusika ni askari wa Uingereza. Miaka saba ilipita kati ya kifo hicho na uamuzi huo.

Kuna neno la Enloe linalotuchoma sisi wahariri. Mnamo Septemba 1990, Iraq ilipokuwa imeivamia Kuwait, aliandika katika gazeti la Village Voice kwamba vyombo vya habari hutamka 'wanawakenawatoto' kana kwamba ni neno moja. Mwanamke hutajwa pamoja na mtoto ili aonekane asiyejiweza, wa kuokolewa tu. Maoni yake kuhusu vita hayaulizwi. Nimehariri taarifa za maafa kwa miaka mingi, na sentensi ya 'wengi wao wakiwa wanawake na watoto' nimeipitisha mara zisizohesabika. Sikumbuki kumrudisha mwandishi akawahoji wanawake hao.

Wapo wataalamu waliomwona kuwa anashughulika na mambo madogo, wakisema siasa ya dunia ni mizinga, mikataba na marais. Yeye akazidi kwenda kwenye madogo. Maneuvers, cha mwaka 2000, kinafunguka kwa mkebe wa supu ya nyanya ambao tambi zake zilikatwa kwa umbo la setilaiti za filamu ya Star Wars. Aliyeinunua supu hiyo ili kumpikia mtoto alikwisha kuukaribisha ujeshi jikoni mwake. Mwaka 2007 chama cha kimataifa cha wasomi wa taaluma hiyo kilimtunukia Tuzo ya Susan Strange, ambayo hupewa mtu anayethubutu kuitikisa mikatale ya fikra zao.

Miaka mitatu baadaye alitoa kitabu kuhusu vita vya Iraq kupitia wanawake wanane, wanne wa Iraq na wanne wa Marekani. Wa kwanza kati yao, Nimo, hakuwa mwanasiasa wala mwanajeshi. Alikuwa na saluni mjini Baghdad.