Cheo cha Skauti

Ndugu zangu tuliosoma hapa, nanyi vijana mnaovaa skafu leo, desturi ya kijana kumwongoza kijana mwenzake haikuanzia ofisini. Mwezi Agosti 1907 Baden-Powell, yule aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, alipiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, pamoja na wavulana wapatao 20, wana wa mabwanyenye na wa wafanyakazi. Aliwachanganya, akawagawa vikundi vinne: Mbwa-mwitu, Fahali, Sululu na Kunguru. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, naye ni mvulana tu, lakini ndiye aliyewajibika kwa mwenendo wa wenzake.

Kisha yakaja madaraja. Skauti wa daraja la pili alipaswa kuwasha moto kwa njiti zisizozidi mbili. Katika daraja la kwanza lilikuwapo sharti moja ambalo wakubwa hupenda kulisahau: alete skauti mgeni aliyemfundisha yeye mwenyewe. Kuogelea na kusoma ramani havikutosha. Basi mwalimu akimfundisha yule mdogo kila kitu, mkubwa atapimwa kwa lipi? Ninyi mlio kidato cha tatu, muhula huu mmemfundisha nani kufunga fundo?