Bendera Tatu za Tufani

Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Tanganika twayajua mawimbi, na mvuvi wetu huyatazama mawingu kabla ya kushusha mtumbwi. Lakini leo nataka kuwapeleka mbali, kwenye Ghuba ya Bengali huko Asia, ambako bahari huja kuwatafuta watu nyumbani mwao.

Tazameni umbo la ghuba ile: kusini ni pana, kaskazini hupungua upana, tena maji yake hapo si ya kina kirefu. Upepo wa tufani ukiyasukuma maji kwenda kaskazini, hayana njia, basi hupanda juu ya inchi. Na inchi yenyewe ni udongo ulioletwa na mito mikubwa, tambarare kabisa.

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, bahari ikiwa imejaa, tufani ilipiga pwani ya inchi iliyoitwa wakati ule Pakistani ya Mashariki. Watu wasiopungua 300,000 walikufa. Katika wilaya ya Tazumuddin, kisiwani Bhola, walikaa watu 167,000. Karibu nusu yao walipotea.

Je, wataalamu hawakuiona ikija? Waliiona. Setilaiti iliipiga picha, redio ikatangaza. Wachunguzi waliofika baadaye waliwauliza waliookoka, wakakuta kwamba wengi sana walikuwa wamesikia habari ile, lakini wachache mno walikimbilia nyumba imara. Kwa sababu gani? Mwezi uliotangulia walikuwa wameonywa kwa nguvu juu ya tufani nyingine, nayo haikuleta madhara waliyotishwa. Tena wakimbilie wapi? Nyumba za matofali zilikuwa chache. Na ng’ombe, ambaye ni mali yote ya mkulima, aachiwe nani? Mimi siwezi kuwalaumu.

Zaidi ya hayo, ishara za namba katika inchi ile ziliwekwa kwa ajili ya manahodha. Namba 8, 9 na 10 zina hatari moja. Tofauti yake ni upande wa bandari ambako tufani itapita. Nahodha huelewa. Lakini mkulima akisikia 8 hudhani ni afadhali kuliko 10, naye hungoja. Elimu ilikuwako, ila haikusemwa kwa lugha ya mtu aliye hatarini.

Inchi ikapata uhuru mwaka 1971, ikaitwa Bangladesh. Mwaka 1972 Msalaba Mwekundu ulianza kazi mpya, na mwaka 1973 serikali ikaikubali iwe yake pia. Habari hutoka ofisi ya hali ya hewa mjini Dhaka, hupita kwa redio mpaka vijijini, na huko hupokewa na watu wa kijiji chenyewe waliojitolea. Hao hupita na vipaza sauti na ving’ora vya mkono, na kutweka bendera: moja, jihadharini, mbili, hatari, tatu, hatari kubwa, ondokeni. Asiyejua kusoma huweza kuhesabu bendera.

Msidhani mambo yalinyoka mara moja. Tarehe 29 Aprili 1991 tufani iliua tena watu kama 138,000, kwa kuwa maonyo yalifika lakini mahali pa kukimbilia palikuwa haba. Ndipo zikajengwa nyumba nyingi za zege juu ya nguzo, ambazo siku za kawaida ni shule. Viko pia vilima vya udongo vilivyopandishwa kwa ajili ya mifugo. Mwaka 2007 tufani Sidr, iliyokuwa kali sana, iliua watu kama 3,400. Mwaka 2020, kabla ya Amphan kufika, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa, na waliokufa katika inchi ile hawakufika 50.

Mwaka 1991 wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Wengine walikuwa wakiwangoja waume zao. Wengine waliona haya kulala nyumba moja na wanaume wageni. Siku hizi, kati ya wanaojitolea kama 76,000, karibu nusu ni wanawake. Hao huingia mpaka uani, mahali ambapo mwanamume mgeni hasogei.