Vitabu Vichache na Kazi ya Kila Siku: Sheria ya Masomo ya 1599 na Mitihani Yetu

Kila mwaka, mitihani inapokaribia, ulizo moja linarudi katika masomo yetu ya sekondari: mwalimu anahitaji vyombo gani kusudi kalasi yake ishinde? Wengine wanajibu: vitabu. Wengine wanasema: maulizo ya miaka iliyopita, basi. Wengine tena wananungunika kwamba pasipo pesa hakuna kitu. Ulizo hili si la leo. Zamani za miaka 400 na zaidi, walimu walilifikiri sana, wakaliandikia jibu, sheria kwa sheria. Ndugu wasomaji, inafaa tuangalie jibu lao: limetoka wapi, limefaa nini, tena limepungukiwa na nini. Sisi tuliolelewa katika seminari tumeishi ndani ya jibu hilo, hata kama wengi wetu hatukujua jina lake.

1. Namna sheria ilivyozaliwa

Mwaka 1548 Wayezuiti walifungua masomo ya vijana huko Messina, katika kisiwa cha Sicilia. Mwaka 1551 walifungua mengine huko Roma, ambayo yalikuja kuitwa Collegio Romano. Hawakulipisha mafundisho. Kwa hiyo maombi yalikuja toka pande zote: maaskofu, wafalme na miji walitaka kolegio kwao. Lakini masomo yalipoongezeka, fujo nayo iliongezeka. Kila mwalimu alifundisha kwa namna yake. Mutoto aliyehama toka muji mumoja kwenda mwingine alikuta vitabu vingine, mupango mwingine, na kalasi isiyolingana na ile aliyoiacha.

Mwaka 1584 mukubwa wa Shirika, Padri Claudio Acquaviva, aliita mapadri sita wa mataifa mbalimbali kusudi watengeneze mupango mumoja. Andiko lao la kwanza lilitoka mwaka 1586. Likatumwa katika majimbo yote, walimu walichunguze na kutaja makosa yake. Andiko la pili lilitoka 1591, nalo likajaribiwa. Mwezi wa Januari 1599 andiko la mwisho lilitolewa, kwa jina la kilatini Ratio Studiorum. Tuangalie vema: sheria hii haikutoka katika kichwa cha mutu mumoja aliyeketi mezani. Miaka karibu 15 ilipita kati ya mwanzo na mwisho, na wale waliosimama mbele ya watoto walipewa ruhusa ya kusema: hili linawezekana, hili haliwezekani.

2. Vyombo vya kalasi

Sheria iligawanya masomo ya chini katika kalasi tano: tatu za gramatika, moja ya humanitas, moja ya retorika. Wazee wetu wa seminari ndogo walitumia majina hayo, na hata leo katika Kongo tunasema kwamba kijana yuko katika umanite. Mukubwa wa masomo aliitwa praefectus studiorum, mulinzi wa masomo. Mukubwa wa masomo ya sekondari kwetu anaitwa prefe. Majina yamedumu kuliko mambo yenyewe.

Vitabu vilikuwa vichache. Kwa gramatika walishika kitabu cha Padri Manuel Álvares, kilichopigwa chapa Lisbon mwaka 1572. Kwa retorika walishika kile cha Padri Cipriano Soares, kilichotoka Coimbra mwaka 1562. Pamoja na hivyo walisoma Cicero, Virgilio na waandishi wengine wa zamani, kila kalasi kwa kipimo chake. Sheria ilimwagiza prefe apatane mapema na wauza vitabu, kusudi vile vya kila siku na vile vya mwaka unaofuata visikosekane. Tena ilimwonya kwamba wanafunzi wasipungukiwe na vitabu vya kufaa, wala wasijazwe vitabu visivyofaa. Onyo hilo la pili ni la kushangaza kwetu sisi tulio na shida ya vitabu. Wao waliona kwamba wingi pia unaweza kuua masomo.

Sasa, kitabu kimoja kilitumiwaje? Mwalimu alisoma kipande kifupi toka mwanzo mpaka mwisho. Akaeleza maana yake kwa ufupi. Kisha akakifungua neno kwa neno, na mahali penye giza akapaangazia. Katika kalasi za chini aliruhusiwa kueleza kwa lugha ya watoto wenyewe. Kesho yake watoto walirudia fundisho la jana. Siku ya Jumamosi walirudia ya juma zima. Wanafunzi waliochaguliwa, walioitwa decuriones, waliwasikiliza wenzao wakitoa kwa moyo yale waliyojifunza, wakakusanya karatasi za kazi kwa ajili ya mwalimu. Na wengine walipokuwa wakiandika, mwalimu alisahihisha kazi ya mumoja mumoja kwa sauti ya chini.

Basi chombo kikubwa kilikuwa nini? Hakikuwa kitabu cha chapa. Kilikuwa kazi iliyoandikwa kwa mukono wa mutoto na kusahihishwa mbele ya macho yake. Kitabu kilikuwa shamba. Kazi ya kuandika ilikuwa jembe.

3. Mutihani ulivyokuwa

Mwisho wa mwaka ulikuja mutihani wa kupanda kalasi. Sheria zake zinafanana sana na zetu. Kila mwanafunzi aje na vyombo vyake vyote vya kuandika, asiombe kitu kwa mwenzake. Atakayetoka inje aache karatasi yake. Akiisha kutoa kazi yake, hawezi kuirudia tena. Na kama wawili walioketi pamoja wameandika sawasawa, wote wawili watashukiwa, maana haiwezekani kujua nani aliyeiba na nani aliyeibiwa. Walimu wetu wanaochunga mitihani watakubali kwamba kijana wa 1599 na kijana wa leo ni ndugu kabisa.

Kisha wanafunzi waliingia, watatu watatu, mbele ya wachunguzi watatu. Walisoma sehemu ya kazi yao wenyewe, wakaambiwa wasahihishe makosa yao na kutaja sheria ya gramatika waliyoivunja. Mwalimu wa kalasi aliwapa wachunguzi orodha ya watoto wake, kila jina na namba yake toka 1 mpaka 6: walio wazuri sana, wazuri, wa katikati, wa mashaka, wa kubaki, na wa kuondolewa.

Lakini angalieni jambo moja. Wachunguzi wakiona mashaka, hawakutupa kura. Walipaswa kulinganisha kazi za kila siku za mutoto huyo, kisha wakafikiri umri wake, muda aliokaa kalasini, akili yake na bidii yake. Ndiyo kusema, mutihani ulikuwa dirisha moja tu, si nyumba nzima. Mutoto aliyefanya kazi yake ya kila siku alikuwa ameanza mutihani tangu siku ya kwanza ya mwaka. Maandalizi ya pekee, yaliyotengana na masomo, hayakuwa na maana kubwa.

4. Toka Amakusa mpaka Kongo

Mupango huo ulivuka bahari. Mwaka 1594, hata mbele ya sheria kumalizika, gramatika ya Álvares ilipigwa chapa Amakusa, katika inchi ya Japani, na maneno ya kijapani yaliongezwa ndani yake. Katika ufalme wa zamani wa Kongo, Wayezuiti walifika mara ya kwanza mwaka 1548, ule ule wa Messina. Mwaka 1624 kitabu cha mafundisho ya dini kilipigwa chapa Lisbon kwa kikongo na kireno pamoja, kwa kazi ya Padri Mateus Cardoso. Kitabu hicho ni kimoja cha vitabu vya kwanza kabisa vilivyopigwa chapa kwa lugha ya kibantu. Wakatekista wajue basi: kati ya vyombo vya kufundishia vya kwanza katika inchi zetu, kimoja kilikuwa cha kazi yao.

5. Mapungufu yake

Hatupashwi kuwasifu wazee bila kipimo. Sheria ya 1599 iliweka kilatini mahali pa kwanza kabisa, na lugha ya nyumbani ikaketi mulangoni. Hesabu zilipata nafasi ndogo, nazo ziliachiwa masomo ya juu. Historia na jografia hazikuwa na saa zao. Tena mashindano kati ya watoto yalitumiwa kama chombo: kila mumoja alikuwa na mushindani wake wa kumvizia makosa. Bila shaka jambo hilo liliamsha wavivu. Lakini liliweza pia kuzaa kiburi na wivu. Na shida kubwa kuliko zote: vitabu vile vile viliendelea kutumiwa hata wakati ulimwengu ulikuwa umegeuka.

Mwaka 1773 Papa Clemens XIV aliondoa Shirika la Yesu, na kolegio nyingi zikafungwa au zikapewa wengine. Shirika lilirudishwa mwaka 1814. Mwaka 1832 sheria ilitengenezwa upya: lugha za inchi, hesabu, fizika, historia na jografia zilipewa nafasi kubwa zaidi. Ilipita miaka 233. Mutu anaweza kusema kwamba walichelewa. Sisi tunaona fundisho lingine: chombo kizuri kikishikwa muda murefu pasipo kuchunguzwa, kinageuka kuwa pingu.

6. Na kwetu?

Katika mashariki ya Kongo, mbegu hii ililetwa na Mapadri Weupe. Seminari ya Mpala, kisha ya Lusaka, ilifundisha kilatini vijana waliozaliwa katika vijiji pasipo kitabu. Kati yao alitoka Stefano Kaoze. Mwaka 1910 maandiko yake juu ya mawazo ya Wabantu yalianza kutolewa katika gazeti la kifaransa. Tarehe 21 Julai 1917 alipewa upadri, wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. Kwa miaka mingi seminari zilikuwa karibu njia pekee ya kijana mweusi kufuata masomo marefu. Mupango wa serikali wa 1948 ulifungua njia nyingine, na Lovanium ilianza mwaka 1954.

Nyuma ya uhuru wa 1960, mwaka 1967, serikali ilianzisha Examen d'Etat. Tusiihukumu kwa haraka. Mutihani huo ulileta haki ambayo sheria ya 1599 haikuiwaza: mutoto wa Kabambare na mutoto wa Kinshasa wanajibu kwa siku moja, na dipoloma zao zina uzito mumoja. Mukubwa wa masomo hawezi kumwinua mutoto wa rafiki yake kwa kalamu tu.

Lakini haki hiyo ina bei yake. Mchunguzi wa mbali hamjui mutoto. Hawezi kufungua kaye yake, wala kuuliza juu ya bidii yake. Na kwa kuwa maulizo mengi ni ya kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyoandikwa, wanafunzi wamegundua njia fupi: kukusanya maulizo ya miaka iliyopita na kushika majibu. Hapo mutihani unakula kitabu. Tumewaona vijana waliojua kwamba jibu ni la tatu, lakini hawakuweza kueleza sababu. Kijana wa namna hiyo anaweza kuvuka mulango, lakini akifika ndani hana chombo mukononi.

Tufanye nini? Hatuwezi kurudi 1599, wala haifai. Lakini mambo matatu ya wale wazee hayahitaji pesa nyingi.

La kwanza: pale penye kitabu kimoja kwa kalasi nzima, mwalimu asome kipande kifupi, akifungue neno kwa neno, na watoto wakiandike katika kaye. Kaye iliyoandikwa vema na kusahihishwa ni kitabu cha pili.

La pili: marudio ya kesho na ya Jumamosi yasiachwe. Walio na nguvu wasikilize walio zaifu, si kwa kuwashinda, bali kwa kuwainua.

La tatu: maulizo ya zamani yatumiwe, lakini kwa namna ya wachunguzi watatu. Mwanafunzi akichagua jibu, aulizwe sababu yake. Akikosea, ataje mwenyewe sheria aliyoivunja. Hapo ulizo la zamani linakuwa fundisho, si uganga.

Mwalimu aliye na ubao, chaki na kipande kizuri cha kitabu hayuko maskini kama anavyofikiri. Na prefe anayewaza vitabu vya mwaka ujao tangu leo, kama sheria ilivyomwagiza mwenzake wa zamani, amekwisha kufanya nusu ya kazi ya mutihani. Nusu nyingine iko mukononi mwa mutoto anayeandika, na katika jicho la yule anayesahihisha.