Soma Kisu cha Babu Kabla Hakijauzwa Chuma Chakavu

Wadau, wiki hii naomba tuiweke siasa pembeni tuzungumze kuhusu kisu. Sisemi kisu cha jikoni wala panga la shambani. Nasema kile kisu cha kukunja ambacho wazee wengi wa kwetu Kalinzi hawatoki nyumbani bila kuwa nacho mfukoni. Kinamenya muwa, kinakata kamba ya gunia la maharage, kinakwangua tope kwenye jembe, na mzee akishuka ziwani kinakata uzi wa nyavu. Bei yake haikuwahi kumtisha mtu. Labda ndiyo sababu hakuna aliyewahi kukaa chini akauliza: hiki kitu kimetoka wapi?

Mimi nasema kisu hicho ni hati ya historia, tena hati yenye maandishi. Tatizo ni kwamba tunaiuza kwa kilo.

Tuanze na visu vya wakubwa. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, mji ule ulikuwa tayari kituo cha misafara. Pembe za ndovu zilivushwa ziwa kutoka upande wa Kongo, zikabebwa na wapagazi hadi pwani, kisha Zanzibar, kisha ng'ambo. Huko zilichongwa funguo za piano, vitana, na vipini vya visu. Mji wa Sheffield, Uingereza, ulikuwa mlaji mkubwa wa pembe, na kampuni ya Joseph Rodgers and Sons ilijulikana kwa visu vyake vya vipini vya pembe, vyenye alama ya nyota na msalaba. Visu hivyo leo viko makumbusho na kwenye kabati za matajiri, na vimeandikiwa vitabu. (Ukikuta kimoja, ujue kwamba biashara ya pembe za ndovu imefungwa kimataifa. Usijitie matatani.)

Sasa njoo kwenye kisu cha mlalahoi. Hapa bingwa ni mmoja: Okapi.

Nadhani wengi mnakifahamu. Mpini wa mti uliopinda kidogo, rangi ya kahawia, na kwenye baadhi ya aina umepachikwa nyota na mwezi mchanga wa madini. Mgongoni kuna chuma chenye kipete. Ukikifungua kinalia krrr, kwa sababu kina meno yanayolishika bapa hatua kwa hatua. Ili ukifunge unavuta kipete, lile chuma linanyanyuka, bapa linaachia.

Kisu hiki kilianza kutengenezwa mwaka 1902 mjini Solingen, Ujerumani, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Yaani sisi. Na jina? Okapi ni mnyama wa misitu ya Ituri, Kongo, mwenye miguu ya milia kama punda milia lakini ni ndugu wa twiga. Watu wa Ituri walimjua tangu enzi na enzi, na jina ni lao. Wazungu walimwingiza kwenye vitabu vyao vya sayansi mwaka 1901, baada ya Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Waingereza Uganda, kupeleka ngozi na mafuvu London. Dunia nzima ikamzungumzia. Mwaka mmoja baadaye jina lake liko kwenye kisu. Hebu fikirini, jamani: jina la kwetu, mnunuzi wa kwetu, kiwanda cha kwao, na faida inabaki kwao.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma 1914. Miaka miwili baadaye, Julai 1916, Wabelgiji waliingia Kigoma na Mjerumani akaondoka. Wabelgiji walikaa hadi 1921, kisha Mwingereza akachukua. Bendera zilibadilika mara mbili katika miaka mitano, lakini Solingen waliendelea kutengeneza Okapi hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Kampuni ya Afrika Kusini ndipo iliponunua haki na mitambo, na tangu 1988 kisu hicho kinatengenezwa huko. Kwa hiyo kisu kilichobuniwa kwa ajili ya Mwafrika kilichukua miaka 86 kuanza kutengenezwa Afrika.

Haya basi, utakijuaje cha zamani? Fungua kisu, angalia bapa pale linapoingia kwenye mpini. Kwa kawaida alama huwa hapo. Futa uchafu kwa kitambaa chenye mafuta, hata mawese yanatosha. Usiguse kwa msasa wala tupa, utafuta historia yenyewe.

Ukisoma "South Africa", kisu chako si cha kabla ya 1988. Ukisoma "Solingen" au "Germany", ni cha kabla. Ukikuta "W. Germany" au "Western Germany", umebahatika zaidi, kwa sababu Ujerumani Magharibi ilikuwepo kuanzia 1949 hadi 1990 tu. Na kwa nini mfanyabiashara aandike jina la nchi yake kwenye kisu cha bei poa? Si kwa kujisifu. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa, kwa sababu visu vya Solingen vilikuwa vinauzwa kana kwamba ni vya Sheffield. "Made in Germany" ilianza kama onyo kwa mnunuzi. Baadaye ikageuka sifa.

Kuna kisu kingine cha kutazama: kizito, mpini mweusi wenye mistari ya kukatana, bapa nene, kifungulio cha kopo, na wakati mwingine sindano nene ya kufungulia mafundo ya kamba. Tafuta mshale mdogo uliopigwa muhuri kwenye chuma, na mwaka kando yake. Huo mshale ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukisoma 1942 au 1943, umeshika kisu cha jeshi cha Vita Kuu ya Pili. Vijana wa Tanganyika waliingia Keya wakapelekwa hadi Burma. Ukikikuta kisu kama hicho kwenye sanduku la babu, muulize bibi kabla ya kumuuliza fundi.

Kwa vile tunapakana na Burundi na Kongo, unaweza pia kukutana na Opinel ya Ufaransa, yenye mkono na taji kwenye bapa. Pete ya kufungia bapa iliwekwa mwaka 1955. Lakini angalia, Opinel ndogo hazina pete hata leo, kwa hiyo kukosa pete peke yake si ushahidi.

Mtego mwingine ni kutu. Bapa la Okapi ni chuma cha kaboni, linashika kutu ndani ya msimu mmoja wa mvua ukilizembea. Kutu si umri. Umri utauona kwenye bapa lililopungua kwa kunolewa miaka mingi, na kwenye mpini uliolainika pale kidole gumba kinapokaa.

Sasa kwa nini nawasumbua? Waha wengi walikwenda Tanga kama manamba kwenye mashamba ya mkonge. Jasho lao limeandikwa kwenye vitabu vya wakoloni kama namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Walichorudi nacho kilikuwa blanketi, nguo, vyombo vidogo vya chuma. Blanketi limeoza. Chuma kipo. Na nyuma ya hapo kuna habari chungu zaidi: kusini mwa ziwa, Ufipa, wahunzi waliyeyusha chuma kwenye matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu. Bidhaa za viwandani kutoka Ulaya zilipofurika, bei yao haikushindika, na moto wa malungu ukazimika. Kisu cha bei poa ndicho kilichomaliza ajira ya mhunzi wetu, na ndicho hicho hicho kilichomlisha mjukuu wake. Yote mawili ni kweli.

Leo mnunuzi wa chuma chakavu anapita na mizani, na hapimi historia. Mnoaji naye akikipitisha kwenye jiwe bila uangalifu, maandishi yanaondoka na cheche.

Kwa hiyo ukienda likizo nyumbani, omba kukiona kisu cha mzee. Kisome. Andika kilichoandikwa, mwulize alikinunua wapi na alikuwa anatoka wapi, kisha kipake mafuta umrudishie. Usimnyang'anye, bado anakitumia.